Uzi: Mika tunaikanyaga mashimoni, kumbe imo ndani ya pasi. Ina nini hasa kwenye umeme?

#1 Comptoir_Sake (Goma)
Wakubwa, salamu. Nanunua koltani na kasiteriti (mawe ya bati), nazunguka mashimo ya Masisi na upande wa Numbi. Kila shimo mlangoni panang'aa: mika, madini ya magamba, imetapakaa, wachimbaji wanaikanyaga, mvua inaishusha bondeni. Hakuna anayeuliza bei. Juzi nimepeleka pasi kwa fundi pale Birere, akaifungua mbele yangu. Ndani waya umezungushwa kwenye kibao cha mika, halafu juu na chini kuna vibao vingine vya mika hiyo hiyo. Fundi anasema kikivunjika anang'oa kingine kwenye pasi kuukuu, kipya hakipati mjini.

Sasa wanaojua umeme watuambie: mika ina nini ambacho plastiki, karatasi au kigae havina? Na kama ni ya maana hivyo, mbona kwetu ni takataka? Mimi nadai tumelala tu.

#2 Lava_Boy_Majengo (Goma)
Nimekaa mstari wa mbele. Mtu wa koltani sasa anataka kutuuzia hadi takataka za shimo.

#3 Mwalimu_Ibanda (Bukavu)
Nafundisha fizikia, wacha nijaribu. Mika ni madini ya tabaka. Silikoni, alumini na oksijeni zimeshikana kwa nguvu sana na kuunda shuka. Kati ya shuka na shuka kuna potasiamu, na hapo mshiko ni dhaifu. Ndiyo maana ukichomeka ncha ya kisu ubavuni inafunguka kama kurasa za daftari, na kila ukurasa unatoka laini, unene ule ule kutoka pembe hadi pembe. Unaweza kushuka hadi sehemu ya mia ya milimita na bado ikabaki nzima.

Elektroni zake zimefungwa kwenye viungo vya kemia, hakuna iliyo huru kutembea, kwa hiyo umeme hauna wa kuubeba. Hewa inashindwa kwenye volti 3,000 hivi kwa milimita moja. Shuka nyembamba ya mika safi inavuka 100,000 kwa kipimo hicho hicho. Hilo ndilo jibu, mengine ni mapambo.

#4 Bobineur_Kadutu (Bukavu)
Mwalimu, kwa heshima yako, hayo mapambo ndiyo jibu. Pasi inakula volti 220. Volti hizo hata karatasi ya mfuko wa saruji ikiwa kavu inazizuia. Kazi ni joto. Waya wa nikromu, ule wa kutoa joto, ukishika moto, karatasi inakuwa majivu, plastiki inakuwa uji. Mika nyeupe, muskovaiti, inavumilia nyuzi 500 na kitu. Ile ya rangi ya asali, flogopaiti, inafika 800 hivi. Haitoi moshi, haijikunji.

Halafu kuna kolekta. Mimi kazi yangu ni kusuka mota, hapo mika naijua kwa vidole. Kolekta ya mota ya zamani ni vipande vya shaba vimepangwa duara, na kila kipande kimetengwa na jirani yake kwa ukanda wa mika. Vipande vya kaboni vinavyoingiza umeme vinasugua juu muda wote. Shaba inalika polepole, na mika inabidi ilike nayo; ikibaki imesimama, kaboni inaruka, cheche zinaanza, kolekta yote inageuka nyeusi. Nachukua kipande cha msumeno wa chuma, nimekisaga mbavu ziwe nyembamba, napita kila mfereji hadi mika ishuke chini ya shaba kwa nusu milimita au zaidi kidogo. Kisha brashi kavu, vumbi la shaba litoke lote. Vijana wengi wanaruka hapo pa brashi, halafu mteja anarudi kesho yake na mota inanuka.

#5 Yaya_Kituku (Goma)
Papa Bobineur, asante. Swali langu dogo: mikrowevu ya mgahawa wangu ina kakaratasi ka kahawia pembeni ndani, kanapiga cheche. Ni hiyo hiyo mika?

#6 FundiRedio_Nyawera (Bukavu)
@Yaya_Kituku ni hiyo hiyo, tutarudi kwako.

@Mwalimu_Ibanda hiyo hesabu ya volti haimalizi kesi. Filamu ya polipropilini, plastiki ya kawaida kabisa ya kwenye kapasita (vidude vya kuhifadhi chaji) za siku hizi, nayo inavuka 100,000 kwa milimita bila shida, na ni rahisi. Kwa hiyo kama ni kuzuia volti tu, mika ingeshastaafu. Plastiki hiyo inayeyuka kwenye nyuzi 160 na kitu. Hapo ndipo inapoachwa.

Lakini pia Papa Bobineur asidhani kila kitu ni joto. Kwenye mitambo ya FM tunayohudumia, kapasita za hatua ya mwisho ya nguvu ni za mika, na nyingine wala hazifiki joto la kuunguza kidole. Tunaziweka kwa sababu mbili. Kwanza thamani yake haiyumbi: jua la mchana, baridi ya usiku, imebaki pale pale, na unazipata zikiwa sahihi kwa asilimia 1. Pili, umeme wa masafa ya juu ukipita ndani yake karibu haupotezi kitu. Weka kapasita mbaya pale, mawimbi yanageuka joto ndani yake na inapasuka. Mmarekani William Dubilier ndiye aliyeleta kapasita ya mika kwenye redio mwaka 1909. Kabla ya hapo mitambo ilikuwa inatumia machupa ya kioo yaliyofunikwa bati.

#7 Lava_Boy_Majengo (Goma)
Machupa! Na sisi tunalalamika delestaji, kukatwa umeme.

#8 Comptoir_Sake (Goma)
FundiRedio, koltani yetu si nayo inaenda kwenye kapasita? Sasa wakichukua koltani, kwa nini wasichukue na mika iliyolala kando yake, zote za kapasita?

#9 FundiRedio_Nyawera (Bukavu)
Ni kapasita za kazi tofauti, mkubwa. Ya tantalamu, metali itokayo kwenye koltani yako, inabeba chaji nyingi ndani ya kidude kidogo, ndiyo maana imeingia kwenye simu na kompyuta. Ila ina chanya na hasi; ukiigeuza inalipuka na moshi juu. Ya mika inabeba chaji kidogo sana, haina chanya wala hasi, kazi yake ni usahihi. Simu haina nafasi ya kapasita za mika, na haizihitaji. Hata kwenye redio ndogo, kapasita za kauri zimeshachukua nafasi nyingi ambazo zamani zilikuwa za mika.

#10 Jiolojia_Himbi (Goma)
Kuwa pamoja shimoni si ajabu. Koltani, kasiteriti na mika nyeupe zote zinakaa kwenye mwamba mmoja, pegmatiti. Ni mabaki ya magma, mwamba ulioyeyuka, yaliyojaa maji, na maji hayo ndiyo yaliyosaidia fuwele kukua kubwa. Hata Manono, kusini-mashariki mwa Kongo, ni pegmatiti, na kule kuna lithiamu juu yake.

Ila Comptoir, mika ya umeme si kila kinachong'aa. Mnunuzi wa shuka anataka kipande kipana, bapa, bila ufa, bila mikunjo, bila madoa mekundu au meusi. Madoa hayo ni oksidi za chuma, na umeme unapata njia hapo. Mashimo mengi ya kwetu ninayoyajua yanatoa vipande vidogo vilivyosagika, na mwamba wenyewe umeoza kwa mvua. Hilo ndilo linaua bei, si usingizi.

#11 Lava_Boy_Majengo (Goma)
Mkubwa wa jiolojia, na mawe ya volkano ya Nyiragongo? Nyumbani ukuta wote ni lava ya 2002, jua likipiga inameremeta. Nisianze kubomoa?

#12 Jiolojia_Himbi (Goma)
Acha ukuta wa wazazi wako. Lava ilifika juu ikapoa haraka, fuwele zake nyingi ni za kutafuta kwa lenzi. Hakuna shuka ya mika utakayobandua humo.

#13 Mwana_Katuba (Lubumbashi)
Jambo wote. Miye niko fundi wa volti kubwa, na ninaona mote mmepita kando ya kitu kikubwa. Mnabishana volti na joto, mmesahau wakati.

Kwenye jenereta ya maelfu ya volti, ndani ya kihami, yaani kinachozuia umeme, hakukosi vishimo vya hewa visivyoonekana. Kila mara umeme unapobadilika, mule ndani cheche ndogo sana inaruka. Haiangushi mashine leo. Inakula kihami taratibu, usiku na mchana, mwaka hadi mwaka. Kihami cha asili ya mafuta au plastiki, hata ile filamu ya njano ya poliimidi inayovumilia joto karibu na nyuzi 400, kinatafunwa na cheche hizo hadi kitoboke. Mika ni jiwe, haitafunwi kirahisi. Njo maana mpaka leo fito za shaba za jenereta kubwa zinaviringishwa utepe wa mika uliolowekwa epoksi. Zamani ilikuwa vipande vya mika vilivyogandishwa kwa sheleki au lami. Mtambo wa umeme wa maji wa Mwadingusha kwetu ulianza kazi 1930, ule wa Ruzizi ya kwanza huko kwenu Bukavu mwishoni mwa miaka ya 1950. Mashine za vizazi hivyo zisingekuwepo bila mika.

Plastiki inashinda mtihani wa dakika moja. Mtihani wa miaka 30 ni wa mika.

#14 Bobineur_Kadutu (Bukavu)
Mwana Katuba, umesema maneno ya watu wazima. Lakini watu wa hapa wana pasi, hawana jenereta. Kwao bado ni joto.

#15 Kijana_Virunga (Goma)
Papa, hata pasi mnaisema ya zamani. Nimefungua pasi za mvuke nyingi, ndani hakuna mika hata chembe. Waya umefungwa ndani ya bomba la chuma, na katikati wameshindilia unga mweupe wa oksidi ya magnesi. Unga huo unahami umeme na unapitisha joto vizuri kuliko mika. Yenye vibao vya mika ni ile pasi kavu nyepesi. Na mota nyingi ndogo za sasa kolekta yake imemiminwa kwa plastiki ngumu, msumeno wako hauna kazi hapo.

#16 Bobineur_Kadutu (Bukavu)
Na zikiharibika munaleta kwa nani? Kolekta ya plastiki ikipata joto kali kipande cha shaba kinanyanyuka, mota inatupwa. Ya mika naitoa, naibana upya, inarudi barabarani.

#17 Mama_Amplifaya (Goma)
Nyinyi wanaume mmesahau transista, kile kidude kinachokuza umeme wa sauti. Mimi natengeneza amplifaya, nyingi za makanisa. Kuna moja ililetwa imeungua mara ya pili, transista za nguvu zote nne zimekufa. Nikafungua nikakuta fundi aliyetangulia ameweka plastiki ya chupa ya maji chini ya transista. Ameikata vizuri kabisa kwa mkasi, na tundu la skrubu amelitoboa kwa msumari wa moto!

Kwa wasiojua: mgongo wa chuma wa transista mara nyingi unabeba volti. Ukiufunga moja kwa moja kwenye bati la kupoza, umepiga shoti. Usipoufunga, joto halina pa kwenda. Unahitaji kitu kinachosema hapana kwa umeme na ndiyo kwa joto. Mika peke yake si mpitishaji mzuri sana wa joto, ila kwa sababu inapasuliwa hadi sehemu ya kumi ya milimita au chini ya hapo, joto linavuka kabla halijachelewa. Unapaka dawa nyeupe ya joto pande zote mbili, kidogo tu, unaweka kishikio cha plastiki kwenye skrubu, unakaza. Halafu kabla ya kuwasha, pima kwa multimita kati ya mgongo wa transista na bati. Ikilia, fungua tena. Kuna chembe ya chuma imetoboa mika, au umeikunja ikapasuka.

Kwaya iliimba Jumapili ile. Nililipwa nusu, nusu nyingine bado ni baraka.

#18 Lava_Boy_Majengo (Goma)
Mama, hiyo nusu nyingine utaipata kwa volti 100,000 kwa milimita.

#19 Mwalimu_Ibanda (Bukavu)
Mama Amplifaya, mbona hujataja kauri ya alumina? Inapitisha joto mara nyingi zaidi ya mika, inahami vizuri, na joto haliitishi.

#20 Mama_Amplifaya (Goma)
Mwalimu, iangushe moja sakafuni halafu uniambie. Na huwezi kuipasua nyembamba kwa wembe ukiwa umekaa kwenye kibaraza chako. Mika nimeshaipasua kwa wembe, kibao kimoja cha pasi kinatoa vya kutosha.

#21 Mgeni_Morogoro (Tanzania)
Habari zenu ndugu wa Kongo, napita tu. Huku kwetu kwenye milima ya Uluguru mika ilichimbwa tangu enzi za Wajerumani. Vita Kuu ya Pili ilipokuja ikawa mali ya kijeshi: redio za ndege na meli, plagi za injini za ndege, na zile taa za redio za zamani ambazo ndani yake vipande vya mika vilikuwa vinashikilia nyaya zisigusane. Vita ikaisha, transista ikaingia, taa zikatoka, soko likanywea. Kwa hiyo ndugu yangu wa #1, huenda hamjalala. Mmeamka soko limeshapungua.

#22 Mwana_Katuba (Lubumbashi)
Mgeni karibu. Lakini soko halijafa, limehama. Nyaya za taa za dharura na kengele za moto kwenye majengo makubwa zinaviringishwa utepe wa mika: plastiki ya nje inaungua, mika inabaki imeshikilia shaba, umeme unaendelea kupita moto ukiwa juu ya nyuzi 750. Na magari ya umeme, yale yanayokula kobalti ya Kolwezi, yanawekwa shuka za mika kwenye betri ili seli moja ikiwaka isiwashe jirani zake. Kobalti yetu, mika ya wengine.

#23 Comptoir_Sake (Goma)
Hapo sasa! Nilisema tumelala.

#24 Jiolojia_Himbi (Goma)
Bado vipande vidogo, mkubwa.

#25 Kijana_Virunga (Goma)
Hoja ya vipande vidogo mimi siikubali. Utepe huo anaousema Mwana Katuba mwingi hautokani na shuka pana. Wanachukua mabaki, wanayasaga ndani ya maji hadi yawe magamba membamba sana, wanayamwaga kwenye mashine ya aina ya kiwanda cha karatasi, inatoka karatasi ndefu ya mika. Kisha gundi ya silikoni au epoksi. Kilichokuwa taka za mgodi ndicho malighafi. Shida yetu ni kiwanda, na kiwanda kinataka umeme usiokatika.

#26 Yaya_Kituku (Goma)
Kwa hiyo tunahitaji umeme ili tutengeneze kitu cha kutunzia umeme. Haya. Na mikrowevu yangu?

#27 Dada_Nguba (Bukavu)
Mnaongea bei bila kuongea mikono. Mika nyingi ya shuka inatoka India, majimbo ya Jharkhand na Bihar, na flogopaiti inatoka kusini mwa Madagaska. Sehemu zote mbili watoto wameonekana wakiokota na kuchambua mika, na mwaka 2017 makampuni yakaanzisha Responsible Mica Initiative, mpango wa kusafisha biashara ya mika, kule Paris kwa sababu ya aibu hiyo. Bei iko chini kwa sababu aliye chini kabisa analipwa karibu na bure. Wewe Comptoir unataka kushindana na bei hiyo? Utamlipa nani nini pale Numbi?

#28 Comptoir_Sake (Goma)
Dada, hilo ni zito, ila wachimbaji wangu tayari wameitoa shimoni. Ni kuiokota tu.

#29 Dada_Nguba (Bukavu)
Ndivyo ilivyoanza kwa wenzetu pia, ni kuiokota tu. Na wa kuokota siku zote anakuwa mdogo.

#30 Mgeni_Morogoro (Tanzania)
Ongeza nauli. Mika iliyosagwa ni bidhaa ya tani kwa tani, bei ndogo. Koltani inalipa lori kwa sababu gunia moja ni pesa nyingi. Kutoka Goma hadi bandari ya Mombasa au Dar es Salaam, gunia la mabaki ya mika litakuwa limeshajila lenyewe njiani.

#31 FundiRedio_Nyawera (Bukavu)
@Yaya_Kituku nimerudi. Kakaratasi hako kanaziba mdomo wa njia ya mawimbi ili mvuke na mafuta ya chakula visiingie ndani. Ni mika kwa sababu mawimbi yanapita humo bila kuipasha moto. Mafuta yakirukia hapo yanaungua, yanakuwa kaboni, na kaboni inapitisha umeme: ndizo cheche zako. Usiwashe ikiwa hivyo, na usiweke karatasi ya boksi. Chomoa kwenye umeme, toa kakaratasi kale, kachore juu ya shuka mpya ya mika, kata kwa mkasi, kingo ziwe safi, rudisha. Futa ukuta wa ndani uishe mafuta. Ila usifungue mgongo wa mashine, kuna kapasita inayobeba maelfu ya volti hata ikiwa imechomolewa.

#32 Yaya_Kituku (Goma)
Asante kaka. Shuka mpya naipata wapi Goma?

#33 Mama_Amplifaya (Goma)
Njoo kwangu na vipimo. Kwa chai ya mgahawa wako.

#34 Bobineur_Kadutu (Bukavu)
Comptoir, maneno yamekuwa mengi. Nitumie gunia dogo kwa boti, nitalijaribu mwenyewe. Chagua vipande vinavyozidi kiganja, vyepesi rangi, uvitazame juani: penye kadoa ka kahawia weka kando, penye ufa weka kando. Ile nyeusi bakini nayo, ina chuma ndani. Usivioshe kwa sabuni. Nitavipasua, niviweke jikoni juu ya makaa viive vizuri, kisha nivipige na mashine ya kupima uhami ya volti 1,000. Vikishika, natengeneza vibao vya pasi hapa Kadutu.

#35 Jiolojia_Himbi (Goma)
Vitakavyozidi kiganja akipata vitano nitashangaa.

#36 Lava_Boy_Majengo (Goma)
Kabla ya kushangaa, nauli ya boti analipa nani?

#37 Comptoir_Sake (Goma)
Mpokeaji.

#38 Bobineur_Kadutu (Bukavu)
Mtumaji, bwana! Mpokeaji ndiye mwenye makaa.